Albamu ya Pili Bila Kupotea Njia

Bendi imeshatoa albamu moja. Vijana wa Kalubwe na Makomeno hapa Lubumbashi wanaifahamu, mmeshapiga kwenye harusi na kwenye sherehe za chuo, na sasa mpiga gitaa amekuja mazoezini na pedali mpya, anasema albamu ya pili lazima iwe tofauti. Wote mnakubali, kwa sababu hakuna aliyeuliza tofauti na nini. Miezi inapita, kompyuta inajaa vipande vya nyimbo ambavyo kila kimoja kinakwenda upande wake, na mpiga besi ameacha kupokea simu.

Bendi za roki zinazofia hapo hazikosi kipaji. Zinabadilisha vitu vingi mno kwa mpigo mmoja: mdundo, lugha, ala, mwimbaji, hata jina la bendi. Msikilizaji hana pa kushika, na wanamuziki wenyewe hawajui tena ni jaribio lipi limefaulu na lipi limeharibu.

Kwa hiyo kabla ya kugusa ala kaeni chini mwandike mistari miwili. Wa kwanza: kitu kimoja tunachobadilisha katika albamu nzima. Wa pili: kitu kimoja ambacho hakitaguswa. Kwa mfano: sauti zote nzito zitatoka kwenye karindula, ile banjo kubwa ya pipa, gitaa la besi linabaki nyumbani, lakini mwimbaji ni yuleyule na Kiswahili chake cha Lubumbashi ni kilekile. Au: hakuna wimbo utakaorekodiwa kwa metronomu. Au: kila wimbo uanze na sauti iliyookotwa mjini. Mstari wa kwanza ndio sharti lenu, na sharti liume kidogo. Kama halimkeri mtu hata mmoja katika bendi, basi hamjabadilisha kitu. Likishaandikwa, bandikeni ukutani mahali pa mazoezi, na atakayekuja na wazo jipya aulizwe kwanza linaingiaje chini ya sharti hilo.

Somo zuri la jambo hili liko ng'ambo tu ya Kasumbalesa. Miaka ya 1970 miji ya shaba ya Zambia ilizaa roki yake yenyewe, ile inayoitwa Zamrock, na WITCH ya Jagari Chanda ikawa mbele. Tafuteni albamu yao ya kwanza, Introduction, kisha In the Past, kisha Lazy Bones!! ya 1975, mzisikilize kwa mfuatano huo jioni moja. Kadiri mnavyosonga mbele gitaa linazidi kukwaruza, nyimbo zinazidi kuwa nzito na za ajabu. Sauti ya Jagari lakini inabaki pale katikati, na msikilizaji anapita naye. Baada ya hapo bei ya shaba ilianguka, uchumi wa Zambia ukayumba, na bendi nyingi zikayumba nao. WITCH walirudi na Zango mwaka 2023, na bado unawatambua.

Kinshasa nao wana la kufundisha. Jupiter & Okwess, katika Kin Sonic ya 2017, walikaribisha wageni kama Damon Albarn na Warren Ellis. KOKOKO!, ambao walianza na ala za vyuma chakavu, katika albamu yao ya pili, BUTU ya 2024, walielemea zaidi kwenye mashine na midundo ya usiku. Njia ya wageni ndiyo rahisi kuiga na ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote. Mgeni hupamba wimbo uliopo. Sharti la ala hubadilisha jinsi wimbo unavyotungwa tangu mwanzo.

KARINDULA NA FAZI

Nikiambiwa nichague sharti moja kwa ajili ya bendi ya mji huu, nitachagua karindula bila kufikiri mara mbili. Iko hapa hapa. Ni ala kubwa kama banjo ya majitu: pipa la mafuta lililofunikwa ngozi ya mbuzi, shingo ndefu, nyuzi nne. Kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa Karindula Sessions mwaka 2011, kazi ya Vincent Kenis, ikiwa na vikundi vya huku kusini-mashariki kama BBK na Bena Simba. Waliosikia ngurumo ile ng'ambo walishangaa. Sisi tumeizoea mpaka hatuihesabu kuwa muziki wa kurekodi.

Kuiingiza kwenye bendi ya roki kuna taratibu zake. Ya kwanza ni ngozi. Ngozi ya mbuzi hunyonya unyevu na kulegea, hivyo karindula ya asubuhi si karindula ya mchana. Wapigaji huisogeza karibu na mbabula, jiko la makaa, mpaka ikaze. Acheni wafanye hivyo, msiwaharakishe kwa sababu saa za studio zinahesabiwa. Wekeni nusu saa ya mbabula kwenye ratiba kama mnavyoweka muda wa kufunga nyuzi mpya. Na gitaa ndilo lifuate karindula, wala msijaribu kuifanya karindula ifuate gitaa. Mpigaji akisharidhika na sauti yake, mpe mpiga gitaa kifaa cha kupimia, apandishe au ashushe nyuzi zake hadi wakutane, hata kama noti yao haimo kwenye piano yoyote. Mkimaliza wimbo, pimeni tena kabla ya kurudia.

Ya pili ni maikrofoni. Moja ikae kiasi cha sentimita thelathini mbele ya ngozi, kando kidogo ya pale vidole vinapopita. Ya pili iwekwe upande wa pili wa pipa, pale uzito unapotokea. Halafu sikilizeni zote mbili kwa pamoja mkigeuza polariti ya moja: upande unaotoa sauti nene zaidi ndio sahihi. Watu wengi huruka hatua hii, kisha hulalamika kwamba karindula yao haina tumbo. Pipa lina mlio wake wa bati pia, mlio unaogongana na matoazi ya batri, yaani seti ya ngoma. Dawa ni mpiga batri apunguze matoazi, wala si kulikata bati kwenye kompyuta. Ule ubati ndio uliowafanya muichague ala hiyo.

Ya tatu ni mwendo. Karindula ya mtaani huanza polepole ikapanda kadiri watu wanavyochangamka. Mkiifunga kwenye metronomu mnaikata miguu. Rekodini pamoja, chumba kimoja, mpiga batri akimtazama mpiga karindula usoni, na mkubali kwamba wimbo utaisha kwa kasi kuliko ulivyoanza. Mtakosa uhuru wa kukata na kubandika, na hilo ni jema.

Na wale wapigaji, mara nyingi ni ba yaya, kaka wakubwa waliowatangulia mbali katika kazi hii. Nendeni kwao na heshima, msiwaite studio kwa ujumbe wa simu. Kubalianeni malipo ya siku mbele ya shahidi, mlipe siku hiyohiyo, na kama mdundo wao au mstari wao ndio umebeba wimbo, majina yao yaandikwe kama watunzi. Kumlipa mzee nauli na soda halafu kujiandikisha ninyi wenyewe kuwa watunzi ni wizi, hata kama hakuna atakayewashtaki.

Kama karindula haiwezekani, lipo shamba jingine. Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na Masanga, wimbo wake, ikasafiri dunia nzima. Alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, gumba likishika besi na shahada ikicheza sauti ya juu, kiasi cha kukufanya utafute mpiga gitaa wa pili. Sharti linaweza kuwa hilo: mpiga gitaa wenu aweke chini kibao cha kupigia na apige albamu nzima kwa vidole viwili. Msipige Masanga yenyewe. Tayari imeshapigwa na wajukuu wa kila mtu. Chukueni nidhamu ya mkono.

Hapo lakini mtagonga ukuta, na ni heri mjue mapema. Gitaa la Katanga linapenda noti mbili zinazotembea pamoja zikiachana kwa nafasi ya tatu au ya sita. Pedali ya fazi, ile inayokwaruza sauti ya gitaa, haizipendi hizo: ikizipokea pamoja inazisaga na kutoa uji. Inachopenda fazi ni nafasi ya tano na ya nane. Ziko njia mbili za kutokea. Mnaweza kurekodi gumba na shahada mara mbili tofauti, moja safi na moja yenye fazi, kisha mziweke kulia na kushoto. Au wapiga gitaa wawili wagawane noti, kila mmoja na amplifaya yake, fazi isikutane na zaidi ya noti moja kwa wakati. Hii ya pili ndiyo inayopendeza zaidi, kwa sababu ule utamu wa tatu na sita unarudi ukiwa umechafuka, na hapo mtakuwa na mlio ambao si wa Seattle wala si wa Bunkeya. Ongezeni chupa ya soda inayogongwa kwa kisu au msumari, kama walivyofanya wapiga magitaa wa Katanga wa zamani, na batri itakuwa imepata likizo katika nyimbo mbili tatu.

SAUTI ZA KUOKOTA

Msiwe na pupa nazo. Filimbi ya treni, mpiga debe wa taksi-basi, kengele za Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, yote mazuri, na yote yataonekana kama mapambo ya watalii kama hayana kazi. Sauti iliyookotwa ifanye kazi ya ala: iwe mdundo, iwe besi, iwe noti inayoshikilia wimbo mzima. Ikiwa mnaweza kuiondoa na wimbo ukabaki ulivyo, iondoeni. Rekodini kwa simu mkitaka, simu ya kawaida inatosha kabisa, ila funikeni maikrofoni yake kwa kitambaa dhidi ya upepo. Karibu na stesheni, viwanda vya Gécamines na majengo ya serikali msitoe vifaa bila barua. Nendeni kwanza idara ya utamaduni ya jimbo mkapate karatasi yenye muhuri, muwe nayo mfukoni, na mzungumze na askari kabla hajazungumza nanyi.

UMEME, MVUA NA KALENDA

Umeme wetu unatoka kwenye mabwawa ya Lufira na Lualaba, Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke, na migodi inasubiri mezani na sahani kubwa kuliko yetu. Mtu anayepanga kurekodi hapa hupanga kwa kufuata hali ya hewa na katizo, si kwa kufuata msukumo wa roho.

Mvua huanza kushika Novemba na kuachia kuelekea Aprili. Juu ya bati inalia kuliko amplifaya. Basi kila kitu kinachotaka maikrofoni iliyo wazi, yaani batri, karindula, chupa na sauti za kuimba, kirekodiwe kati ya Mei na Agosti. Juni na Julai kuna baridi ya usiku. Acheni magitaa yakae chumbani saa nzima kabla ya kuyapima, la sivyo yatashuka katikati ya wimbo. Kazi za vipokea sauti vya kichwani, kama vinanda, gitaa linaloingia moja kwa moja kwenye kadi ya sauti, kukata na kuchanganya, ziachieni msimu wa mvua. Kalenda hiyo inawapa faida nyingine ambayo bendi zenye studio ya kudumu hazina: kati ya kurekodi na kuchanganya kuna wiki kadhaa za kusahau, na sikio linarudi likiwa na adabu.

Jenereta likae nyuma ya nyumba, ukuta mzima kati yake na maikrofoni. Bora zaidi ni betri na inveta, lakini nunueni ile ya wimbi safi, maana za bei ya chini hupiga mbinja ndani ya amplifaya na hakuna programu itakayoiondoa vizuri. Kompyuta ya mkononi iendeshwe kwa betri yake wakati wa kurekodi. Mara nyingi ule mngurumo wa herufi 'mmm' unaowasumbua hutoweka ukichomoa chaja. Rekodini kwa biti 24, acheni nafasi juu, vilele visipite desibeli -6, kwa sababu mpiga karindula akichangamka hatawaomba ruhusa. Kila jioni nakala mbili, kwenye diski mbili, katika nyumba mbili tofauti.

Chumba hakihitaji sifongo za kununua. Magodoro mawili yakisimamishwa nyuma ya mwimbaji, blanketi juu ya meza, pazia zito la kitenge mbele ya dirisha, basi. Ila kwa albamu ya majaribio fikirini pia kinyume chake: ukumbi mtupu wa shule siku ya Jumapili una mwangwi ambao pedali ya gharama inajaribu kuuiga.

Wimbo usiopigwa mbele ya watu usirekodiwe. Uingizeni katikati ya maonyesho ya kawaida, bila kutangaza kwamba ni mpya wala kwamba ni wa majaribio, kisha tazameni miguu na mikono. Mkiona watu wanaenda kununua kinywaji, angalieni ni dakika ya ngapi. Mara nyingi tatizo ni sehemu moja tu iliyorefushwa kwa sababu bendi inaipenda. Na mjue kwamba msikilizaji wa hapa, hata aliyekuja na fulana ya bendi ya Kimarekani, anasubiri sebene, ile sehemu ya magitaa na kucheza. Mnaweza kumnyima, mnaweza kumcheleweshea, mnaweza kumpa sebene ya karindula peke yake bila batri. Msisahau tu kwamba anaisubiri. Ukimya mahali ambapo sebene ilitakiwa kuingia ni silaha kali kuliko pedali zote za dukani. Tungeni nyimbo kumi na nne au kumi na tano, mbaki na nane au tisa, dakika arobaini zisizidi.

Katika kuchanganya, kile mlichokiandika kwenye mstari wa pili ndicho kinachopanda juu. Kama hamkugusa sauti ya mwimbaji, isikike kila neno hata gitaa linapounguruma. Sikilizeni kwenye simu bila vipokea sauti vya kichwani, kwenye spika ya taksi-basi, na kwenye spika za kanisa kama mhudumu wake ni rafiki. Spika ya simu haitoi besi ya chini kabisa, kwa hiyo karindula itapotea humo kama hamkuiongezea mkwaruzo kidogo katikati ya sauti yake. Nakala ya pili yenye fazi, ikiwekwa chini sana, inatosha. Msishindane kwa ukubwa wa sauti. Spotify hushusha nyimbo zinazozidi takriban LUFS -14, na wimbo uliobanwa ukishushwa unabaki mwembamba na mchovu.

PESA NA KARATASI

Kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi, andikeni nani ana sehemu gani ya kila wimbo. Nyimbo za majaribio huzaliwa kwa kelele za watu wote mazoezini, na hapo ndipo ugomvi unapolala. Rahisi ni kugawana sawa wote waliokuwa chumbani, pamoja na ba yaya wa karindula. Sainini, pigeni picha, kisha mpeleke kazi SOCODA, shirika la haki za watunzi.

Albamu kama hii haitarudisha fedha haraka, hivyo msiiendeshe kwa mkopo. Igharimieni kwa harusi: sehemu fulani ya kila malipo ya sherehe iende kwenye sanduku la albamu, mtu mmoja ashike daftari na mwingine ashike akaunti ya M-Pesa au Airtel Money. Tajiri akijitolea kulipia studio kwa sharti la kutajwa jina, mjadili mapema. Mabanga, majina yanayotajwa wimboni kwa malipo, ni desturi ya zamani katika muziki wetu na sina ugomvi nayo, ila jina la mwenye malori katikati ya wimbo wa ukimya litavunja sharti lenu vipande. Mpeni ukurasa wa shukrani kwenye jalada na kiti cha mbele siku ya uzinduzi. Akikataa, shukuruni na mrudi kwenye harusi.

Kutoa albamu kwataka wimbo mmoja ulio mlango. Nairobi, Just A Band walitoa albamu ya pili, 82, mwaka 2009, miezi michache tu kabla video ya wimbo Ha-He haijamtambulisha shujaa Makmende na kuwafikisha kwa watu ambao wasingesikiliza muziki wa aina hiyo hata kwa kulipwa. Haukuwa wimbo uliolainishwa kwa ajili ya redio. Ulikuwa ni uleule, umepewa sura ya kuchekesha. Chagueni wimbo wenye mdundo wa wazi zaidi, si ule mnaojivunia zaidi, mpeni kijana wa video anayeelewa utani wa mtaani, na mtoe huo kwanza. Data ni ghali, kwa hiyo tayarisheni pia faili ndogo za MP3 za kupitishwa kwa WhatsApp na kadi za kumbukumbu, majina yenu yakiwa yameandikwa ndani ya faili, maana zitasambaa mtake msitake.

Uzinduzi wenyewe, katika komini ya Lubumbashi mna bahati ya Halle de l'Étoile, ukumbi ambao watazamaji wake wamezoea kukaa na kusikiliza. Zungumzeni pia na kituo cha sanaa cha Picha, wale wa Biennale ya Lubumbashi iliyoanza mwaka 2008. Bendi inayofanya kazi kwa sharti moja lililoandikwa vizuri inaeleweka haraka kwa watu wa sanaa, na ukurasa ule mliobandika ukutani ni nusu ya barua ya maombi. Jukwaani ombeni laini mbili kwa karindula, moja ya kila maikrofoni, na mwambieni fundi mitambo mapema kwamba kutakuwa na mbabula yenye makaa nyuma ya pazia, asije akaizima kwa ndoo ya maji dakika kumi kabla hamjapanda.